Utando wa Uvundo

Pale ofisini walimwita Mama Upepo, na kweli kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu upepo wasiouona. Wahandisi wakishakokotoa kwenye kompyuta jinsi upepo utakavyopita kati ya majengo, humwachia yeye lundo la tarakimu azigeuze picha. Huchagua kiwango kimoja, kompyuta ikaunganisha kila mahali hewani penye kiwango hicho, na ukatokea utando uliotuna kama mfuko wa plastiki.

Safari hii kiwango kilikuwa cha harufu. Kiwanda cha kuchemsha mifupa kilitaka kujipanua, na upepo ungeubeba uvundo wake hadi mtaani kwa shangazi wa Mama Upepo. Alichagua kiwango ambapo pua ya mtu huanza kukereka. Utando ukatoka kwenye bomba la moshi, ukajikokota juu ya mapaa, ukaifunika shule nzima ya mtaa.

Bosi alikuja akitafuna bigijii. "Pandisha kiwango."

"Hadi wapi?"

"Hadi utando uishie kwenye uzio wa kiwanda, wao ndio wanaotulipa. Si data ni ileile? Nani kadanganya?"

Akainama, akapandisha mwenyewe. Utando ukasinyaa, ukabaki kama jipu juu ya bomba. Mama Upepo alikifuta kile kipanya kwa kitambaa, mara mbili.

Jioni alipita kwa shangazi. Madirisha yote yamefungwa, joto la kufa mtu, na bado harufu ilikuwa kwenye mapazia, kwenye mito, hata kwenye chai.

"Kunywa, mwanangu. Sisi pua zetu zilishakufa," shangazi alisema akicheka.

Mama Upepo alikimbilia uani, akatapika.

Kwenye kikao cha wakazi cha kujadili upanuzi, bosi alionyesha jipu lake ukutani, watu wakapiga makofi. Aliyekaa kwenye kompyuta ni Mama Upepo. Akakishusha kiwango taratibu. Utando ukavimba, ukaruka uzio, ukaimeza shule.

"Hapa ndipo pua inapoanza kukereka," alisema. "Kile cha mwanzo ni cha kuzimia."

Ukumbi ukalipuka kwa kelele. Bosi akamnong'oneza, meno kayauma, "Umetuchafua!"

"Kwani mlikuwa safi lini?"

Kazi yake ikaishia hapo. Kiwanda kilinyimwa upanuzi, lakini mapipa yake ya zamani ya mifupa yaliruhusiwa kuendelea kuchemka. Hayakuwa kwenye ajenda. Mwenyekiti wa kikao ndiye aliyemweleza hivyo, huku anatabasamu, akamnyooshea mkono.

Mama Upepo aliutazama ule mkono, akauacha uning'inie.