Mlima wa Kwenye Shilingi

Lilikuwa swali la uchokozi tu. Mimi ni mmoja wa watu wanaokusanya sarafu za zamani, na usinicheke, tuko wengi kuliko unavyodhani. Tuna kundi letu kwenye simu ambako tunaonyeshana vitu vyetu na kugombana. Juzi jioni mtu wa Embu akauliza: tuseme kila pembe ya nchi itengenezewe sarafu yake ya ukumbusho, ya kwetu ichorwe nini? Ala! Kundi likawaka moto. Huyu anataka kahawa, yule miraa, mwingine ng'ombe wa maziwa. Mmoja akasema wanyama wametuchosha, twiga yuko kwenye shilingi, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini, sasa hizi ni pesa au ni mbuga? Mwishowe wakakubaliana kwamba uchorwe mlima. Amani ilikuwa hata haijakaa kitako, mtu wa Meru akauliza: mlima unaoonekana kutoka upande gani?

Nilikuwa peke yangu katika chumba changu cha kupanga hapa Meru mjini, sahani ya githeri magotini. Nikaacha kula. Swali hilo nimelisikia utotoni Jumapili baada ya Jumapili, na watu wawili waliokuwa wakiliuliza hawapo tena. Acha nikusimulie, maana kwenye kundi siwezi.

Nililelewa na Cucu, nyanya yangu mzaa mama, kule Manyatta, juu kidogo ya mji wa Embu. Ukiniuliza utoto wangu ulinukaje, nitakwambia ulinuka jivu. Jumamosi ilikuwa siku ya kusugua. Tulikuwa tukitoa kila kitu nje, sufuria, birika, vijiko, hata kufuli ya mlango, tunaketi kando ya migomba na kusugua kwa jivu la jikoni na maganda makavu ya mahindi mpaka vidole vinawasha. Cucu alikuwa na neno lake moja alilolirudia kila wiki: "Sugua, mgeni asije akaona sura yetu ya jana." Na wageni hatukuwa nao, haki. Mgeni alikuwa mmoja tu, na alikuwa yule yule kila Jumapili.

Alikuwa mwalimu mstaafu, jirani yetu wa chini ya barabara. Kwao hasa ni Ruiri, upande wa Meru, ng'ambo ya pili ya mlima. Alikuja Manyatta akiwa kijana kufundisha shule ya msingi, akaoa huko huko, akafundisha hadi akafundisha watoto wa wanafunzi wake. Mkewe alipofariki, watoto wake walikuwa tayari wamerudi Ruiri kwenye shamba la babu yao, na kila mara walimtumia ujumbe arudi nyumbani. Yeye alijibu kwamba anafikiria. Aliishi na mbuzi wake, redio yake, na mkebe wa majani ya chai uliojaa sarafu.

Baada ya kanisa ungemwona anapanda kijia chetu, koti limefungwa vifungo vyote, mkebe kwapani. Cucu alikuwa ameshatandika kile kitambaa alichokifuma mwenyewe, chai ya maziwa iko tayari, nduma zinatoa moshi. Mwalimu angeumwaga mkebe juu ya kitambaa, na ile sauti ya sarafu zikianguka ilikuwa kwangu ndiyo Jumapili yenyewe. Nilipenda kuchukua ya juu kabisa na kuibana kiganjani hadi ipate joto.

Halafu wangeanza kuzihukumu. Si thamani yake, la, hilo halikuwahusu. Walihukumu mchoro. Mwaka ilipotoka ile sarafu ya shilingi arobaini, ya kukumbuka uhuru kutimiza miaka arobaini, walikaa nayo wiki nyingi. Mwalimu hakuipenda hata kidogo. Alisema sherehe ni ya nchi nzima, kwa nini wachore kichwa cha mtu mmoja, hata kama ni rais? Cucu aliigeuza, akaipeleka dirishani, akasema kichwa hakina shida, mradi masikio yamechorwa vizuri, kwani wachoraji wengi huharibu masikio. Na ile duara ya rangi nyingine pembeni aliisifu sana. "Hii imevaa kola," alisema. "Imejiheshimu." Senti kumi za mkoloni, zile zenye tundu katikati, Mwalimu aliziona kazi ya mtu mvivu. Cucu akamcheka. "Tundu ni akili, Mwalimu. Mama alikuwa anazitunga kwa kamba anafunga kiunoni. Mwizi atajua aanzie wapi?"

Wao wawili walielewana kila mmoja kwa lugha yake, Cucu kwa Kiembu, Mwalimu kwa Kimeru, na mazungumzo yakatiririka bila shida. Lakini ugomvi ulipokuwa wa kweli walihamia Kiswahili, ili pasiwe na mtu aliye nyumbani kwao. Kiswahili cha Mwalimu kilikuwa cha ubaoni, kila neno limepigwa pasi. Cha Cucu kilikuwa cha sokoni, kinapita popote. Nami nilipowasikia wamehama, nilijua imetolewa ile shilingi.

Ilikuwa shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki, ambayo Mwalimu aliachiwa na baba yake. Upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili simba amesimama, na nyuma ya simba, milima. Wakati huo ilikuwa bado imara, manyoya ya simba ungeyahesabu. Mwalimu angeweka kidole pale nyuma ya simba.

"Huu ni Kirimara," angesema, kwa jina ambalo kwao huuita mlima wetu. "Na aliyeuchora alisimama Ruiri. Tazama mteremko huu. Ndio niliokuwa nikiuona nikichunga mbuzi."

"Nani amekudanganya?" Cucu angejibu, kwa jina la kwetu la mlima huo huo. "Huo ni Kirinyaga, na huyo mtu alikuwa amesimama hapa hapa nyuma ya jikoni yangu. Kuja uone!"

Na kweli wangetoka. Mzee na ajuza, shilingi mkononi, wanasimama nyuma ya jikoni kuukodolea mlima macho. Ilikuwa mchana tayari, na mchana mlima wetu hujifunika mawingu, kwa hivyo hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake. Wakarudi ndani, chai ikaongezwa. Siku hizi najua kwamba ile milima huenda si mlima wowote, ni mchoro wa mtu aliyekaa ofisini mbali. Lakini ungethubutu kuwaambia?

Mimi nilidhani ni mchezo. Mpaka siku moja tunakata majani ya ng'ombe, Cucu akasimama, panga mkononi, akasema kama anayejisemea, "Watoto wake wamemtumia ujumbe tena. Akienda, mimi nitabishana na nani?" Niliogopa. Sikuwahi kumsikia Cucu akiuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake. Tangu siku hiyo nikawa nawaombea wasikubaliane kamwe, kwa maana niliona kwamba ubishi wao ndio uliomfanya Mwalimu apande kijia chetu kila wiki.

Jumapili ile ya mwisho ilianza vizuri. Chai, nduma, mkebe. Lakini Mwalimu alikuwa mnyonge, na alipoitoa shilingi hakubisha, alisema tu kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mama, nimeukumbuka sana huu mlima. Nimekaa upande wa watu muda mrefu mno." Nikamtazama Cucu. Nadhani yule mzee alikuwa akingoja neno moja tu, kaa. Ni neno fupi. Cucu alikuwa na maneno ya kila kitu, ya masikio ya rais, ya matundu ya senti, lakini hilo lilimkwama. Akajibu kwa ule ukali wake wa kila Jumapili.

"Basi kama mlima ni wa kwenu, si urudi ukauangalie huko?"

Mwalimu hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimaliza chai yake yote, kwa adabu, akarudisha sarafu ndani ya mkebe. Ile shilingi hakuirudisha. Aliisukuma polepole juu ya kitambaa hadi mbele ya Cucu. "Kaa nayo," akasema. "Nitakuja siku moja uniambie umeamua nini." Wiki iliyofuata pikapu ilikuja kutoka Ruiri ikachukua kitanda chake, mbuzi na redio. Cucu hakwenda kuaga. Alikuwa nyuma ya jikoni, anapasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Alikuwa mtu wa kiburi, Cucu wangu, na mimi nampenda hivyo hivyo. Simu zilipoenea nikamwambia tutafute namba ya Mwalimu. Akaniambia aliyeondoka ndiye anayejua njia ya kurudi. Lakini kila Jumamosi, kando ya migomba, baada ya sufuria na birika, aliitoa ile shilingi kifundoni mwa leso na kuisugua. Jivu na ganda la mahindi, upande huu, upande ule. Jumapili aliiweka juu ya kitambaa, akapika nduma, akaketi akitazama kijia. Jioni aliifunga tena kwenye leso. Nilimaliza shule, nikaondoka, nikawa narudi sikukuu, na kila nikirudi simba alikuwa amepungua. Kwanza yalikwisha manyoya. Kisha miguu. Mlima ulibaki mstari, halafu mstari ukaenda.

Sarafu mpya za wanyama zilipotoka nilimpelekea moja ya kila aina, nikitegemea atasema kitu. Aliziangalia kwa heshima, akasema twiga ana shingo nzuri, akanirudishia. "Peleka kwa watu wanaojua mambo haya," akasema. Hapo nikaelewa kwamba Cucu hakuwahi kupenda sarafu.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho alinipa ile leso. Sauti yake ilikuwa imepungua lakini ukali wake ulikuwepo. "Ukimwona yule mzee, mwambie mlima ni wa kwao. Uko kwao kabisa, hata mtoto anaona. Mimi nilikuwa nabisha tu asiondoke." Nikamwahidi. Nilimzika Manyatta, nyumba ikafungwa, na kazi ikanileta Meru, nauza mbegu na dawa za mifugo. Ruiri haiko mbali na hapa. Mara ya kwanza nilipopata siku ya mapumziko, nikapanda boda boda hadi stendi, nikaenda.

Nilikuwa nimechelewa. Mke wa mwana wa Mwalimu alinipokea uwanjani, kanga imefungwa kiunoni, mikono ina unga, akaniambia mzee walimzika kitambo. Alinikaribisha uji. Aliponisikia natoka Manyatta alicheka, na kicheko kile sijakisahau.

"Manyatta! Huyo mzee alitusumbua na Manyatta yenu. Asubuhi hivi anatoa kiti, anakaa pale, anaangalia mlima, anakasirika. Anasema huu mlima mmeuweka vibaya. Ati ule wa kwenye pesa ya baba yake si huu, ni wa kule Embu, nyuma ya jikoni ya mama fulani. Sisi tukasema ni uzee."

Niliomba nioneshwe palipokaa kile kiti. Ilikuwa mapema, mlima haukuwa umejifunika, na vilele vyake vilikuwa wazi kabisa. Nikaitoa shilingi niilinganishe. Ningelinganisha nini? Nilikuwa nimeshika kipande cha chuma kisichokuwa na simba, kisichokuwa na mfalme. Kila mmoja alimpa mwenzake mlima, na kati ya watu wote wa pande zote mbili anayejua hivyo ni mimi peke yangu. Nililia pale, na mke wa mwanawe akanishika bega bila kuuliza. Mkebe nao, aliniambia, wajukuu waliuchezea, sarafu zikapotea moja moja mashambani.

Ndiyo hiyo safari niliyoikumbuka juzi, githeri ikipoa. Sasa Jumapili naketi na simu. Hakuna anayemwaga kitu juu ya kitambaa. Watu wanatuma picha, wanatuma vicheko, na hakuna hata mmoja wao ambaye ningeijua sauti yake nikiisikia sokoni. Ubishi wa mlima ukaendelea kwenye kundi, Embu huku, Meru kule, mpaka nikashindwa kuvumilia. Nikaiweka shilingi ya Cucu chini ya taa, nikaipiga picha, nikaituma.

Wajuzi wakaja mbio. Mmoja akasema imeharibiwa, sarafu haisuguliwi hata siku moja, huo ni ushamba. Mwingine akasema haina thamani tena. Yule mtu wa Embu aliyeanzisha maneno ndiye pekee aliyeuliza: mbona haina picha?

Nikamwandikia kwamba picha ilikuwepo. Nikamwandikia kwamba ilisuguliwa kila Jumamosi, kwa sababu mgeni alikuwa aje Jumapili.

Nilingoja. Walikuwa wameshahamia kwenye sarafu nyingine.