Nusu Saa kwa Profesa Haskell

Tessa Dombrowski aliomba vyuo tisa. Vinane vikamjibu kwa barua pepe zilizofanana kama mapacha: tunashukuru, waombaji walikuwa wengi, tunakutakia kila la heri. Cha tisa, cha huko St. Louis, kikamwita kwenye usaili mwishoni mwa Januari. Watu husema moja si haba. Ni kweli, lakini mwenye moja huishika kwa mikono miwili mpaka vidole vikamuuma, na ndivyo alivyoishika Tessa.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, fundi wa maabara mjini Cleveland, mwaka wake wa tano kazini. Maabara yao ilichunguza saratani ya figo. Wote walioanza pamoja naye walikwishaondoka kwenda kusomea uzamivu, na kila Agosti yeye ndiye aliyekata keki ya kuwaaga. Darasani hakuwahi kuwa wa kwanza. Mtihani wa kemia wa mwaka wa pili aliupita kwa kudra za Mungu. Ila mikono! Mikono ya Tessa ilisifika ghorofa nzima. Mtu akishindwa kuotesha seli aliambiwa, "Kamwite Tessa," na Tessa akizigusa zinaota, hata uzifanyie nini.

Babake, mzee Walt, aliyekula miaka thelathini na minne katika kiwanda cha vioo huko Toledo, hakuelewa sawasawa binti yake anaomba nini.

"Yaani unaomba kazi ya kusoma?" alimuuliza siku ya Krismasi, mdomo umejaa pierogi, yale maandazi ya viazi ya Kipolandi.

"Ndiyo, baba. Miaka mitano, au sita."

"Sita! Halafu?"

"Halafu natafiti mambo yangu mwenyewe. Sasa hivi natafiti ya Lorraine."

"Basi nenda, mwanangu. Kuwaoshea watu vyombo kumetosha."

Lorraine Pruitt ndiye aliyekuwa mwenye maabara, na kusema kweli ndiye aliyempa Tessa kitu cha kuombea. Alimwachia kajaribio kake mwenyewe, ka pembeni. Tessa alizima jeni moja ndani ya seli za saratani, na seli zikadumaa. Akarudia mara nane, mara zote nane zikadumaa. Hilo ndilo aliloliandika kwenye barua yake ya kujieleza, ukurasa mzima na nusu. Lorraine naye, katika barua ya kumpendekeza, akaapa kwamba ugunduzi ule ni wa Tessa peke yake. Bila hilo maombi yake yangelala kwenye rundo pamoja na ya wenzake elfu.

Sasa sikia mambo. Wiki tatu kabla ya safari, kabati la joto wanamoweka seli likaota ukungu kwenye rafu ya juu. Rafu ikatolewa kwenda kuoshwa. Tessa akavipanga visahani vyake vyote vya seli kwenye rafu ya chini, vile vya jeni iliyozimwa na vile vya kulinganishia, ambavyo jeni haikuguswa, bega kwa bega. Siku ya nne akavichungulia kwa hadubini. Vyote vimeota sawasawa. Hakuna seli iliyodumaa hata moja.

Alikaa pale kwenye stuli. Maana alishaelewa. Tessa ni mtu nadhifu kupita kiasi, na kwa unadhifu huo, miaka miwili mizima, alikuwa akiviweka visahani vya jeni iliyozimwa rafu ya juu na vya kulinganishia rafu ya chini, asije akavichanganya. Hakukosea hata siku moja, laiti angekosea! Rafu ya juu ipo jirani na feni, na feni hukausha. Zile seli hazikudumaa kwa sababu ya jeni. Zilikuwa na kiu.

Akarudia. Rafu iliporudishwa akabadilisha, akavipandisha juu vile vya kulinganishia, navyo vikadumaa. Akahamia kabati la jirani, akarudia huko. Mwisho akaenda ofisini kwa Lorraine, akafunga mlango na kumweleza.

Lorraine alivua miwani. "Umeligundua lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na usaili?"

"Wiki ijayo."

"Basi hili tutalishughulikia Februari, kwa nafasi. Huko St. Louis utasema kilichomo kwenye maombi yako. Ulipoandika hukudanganya, uliamini."

"Lakini sasa siamini."

"Sikiliza, mdogo wangu. Huna vyuo vitatu vya kuchezea. Una kimoja."

Hakusema kwa ubaya. Lorraine alimpenda, na anayekupenda anaweza kukupa ushauri mbaya kwa moyo mweupe kabisa. Tessa akaitikia, akaenda kupiga pasi suti yake.

Waalikwa walikuwa thelathini, kila mmoja na kitambulisho shingoni na kicheko cha kuazima. Jioni ya kwanza walilishwa piza na wanafunzi wa pale. "Huu si usaili, jamani, jisikieni nyumbani," walitangaziwa, na wote thelathini wakazidi kukaa wima, maana nani asiyejua kwamba huo nao ni usaili? Tessa alikabidhiwa kwa mwenyeji aitwaye Bridget, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, msichana mcheshi mwenye nywele za rangi ya buluu. Usingizi haukuwa wa maana.

Saa tatu asubuhi akaingia kwa Profesa Haskell, ghorofa ya nne. Mzee wa miaka kama sabini hivi, tai ya kipepeo shingoni, na mezani barua ya Tessa imepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu.

"Kaa, binti, kaa! Hii jeni yako imeninyima raha," alisema, hata salamu hajamaliza. "Hebu nieleze. Ulianzaje?"

Tessa alikuwa ameapa moyoni kwamba atasema ukweli. Wallahi alikuwa ameapa. Lakini mzee alimtazama kwa furaha, naye akaikumbuka miaka mitano ya keki za kuwaaga wenzake. Akaanza kueleza ile hadithi ya zamani, na ikamtoka laini kama siagi. Haskell akasimama ubaoni, akachora mishale, akauliza, "Kwa hiyo seli ikikosa jeni hii inakosa nini?" Tessa akajibu. Akauliza swali gumu zaidi, Tessa akalijibu na hilo. Kwa nusu saa nzima alikuwa mtu aliyetaka kuwa tangu ana miaka kumi na minane.

"Umenifurahisha," mzee alimwambia mlangoni. "Saa hizi mimi huwa nasinzia."

Alitoka pale ameloa jasho. Dakika kumi baadaye alikuwa mbele ya Profesa Sudha Nair, mama mfupi asiyecheka, kikombe cha chai kimepoa mbele yake. Huyu hakuuliza habari ya safari wala ya theluji.

"Nimesoma," alisema. "Swali langu ni moja. Ni jaribio gani linaloweza kuliua wazo lako?"

Tessa akafungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, alilifanyia mazoezi mbele ya kioo, jibu zuri lisilojibu kitu. Halikutoka. Yule mama alikuwa amemuuliza hasa kile anachokijua kuliko mtu yeyote duniani.

"Nimeshalifanya," akasema. "Limeshaliua."

Akamwaga yote: ukungu, rafu, feni, kiu. Nair akaandika, akaandika tena, kisha akainua macho. "Umerudia mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mbona nyingi? Tatu zingetosha."

"Tatu zilitosha, Profesa. Hizo nyingine nilikuwa namwomba Mungu niwe nimekosea."

Nair hakucheka wala hakumpa pole. Alisema asante, akamwonyesha mlango unaotoka karibu na ngazi.

Kwa muda mfupi Tessa alijisikia mwepesi. Wepesi ule haukufika mbali. Wakati wa chakula cha mchana Bridget aliketi naye, akapasua mfuko wa viazi vya kukaanga.

"Vumilia, shoga, umebakiza wawili tu. Saa kumi na moja maprofesa wenyewe wanakaa meza moja, kila mmoja anasoma alichoandika. Mtachambuliwa kama mchele!"

"Wote wanasoma? Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Mbona umebadilika rangi?"

Mkate ulimgomea mdomoni. Haskell atasoma kwamba jeni inadumaza seli. Nair atasoma kwamba haidumazi kitu. Mtu mmoja, asubuhi moja, hadithi mbili! Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hii ya Tessa ilizidi kwa ufupi, haikutimiza hata kutwa. Angeweza kunyamaza na kuomba wazee wasisikilizane. Angeweza kupanda tena ghorofa ya nne. Na akipanda, atakuwa amepanda kwa sababu ni mkweli, au kwa sababu anaogopa kukamatwa? Aliligeuza swali hilo huku na huku, na kilichomwuma zaidi ni kwamba hakulijua jibu. Angewezaje kutolijua? Roho ni yake mwenyewe! Saa ilikuwa inakwenda. Akaacha mkate, akapanda ngazi.

Haskell alikuwa anakunywa supu kwenye dawati. "A, umesahau kitu?"

"Profesa, asubuhi nilikudanganya."

Kijiko kikatua. "Kuhusu nini?"

"Kuhusu yote." Akasimulia akiwa amesimama, maana kiti hakukiona kuwa haki yake.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Furaha yote ya asubuhi ilikuwa imemtoka usoni. "Na haya uliyajua ulipokuwa umekaa hapo?"

"Niliyajua."

"Mimi niko ubaoni nachora mishale kama mwehu, na wewe unayajua."

"Ndiyo."

"Kuna mwingine uliyemwambia?"

"Profesa Nair."

"Ahaa." Akaegemea nyuma. "Kwa hiyo umerudi kwa sababu saa kumi na moja tutakuwa meza moja."

Hapo angeweza kukana. Uongo wa pili daima ni rahisi kuliko wa kwanza. "Hiyo ni sababu mojawapo," alisema. "Natumaini ipo na nyingine, lakini siwezi kuiapia."

Haskell akachukua kijiko chake. "Unifungie mlango ukitoka," alisema, akainamia supu.

Waliobaki wawili aliwaambia ukweli, wakaitikia kwa adabu. Tessa akiwa uwanja wa ndege, mzee Walt akampigia simu. "Vipi, wamekuonaje?"

"Wameniona nilivyo, baba," alisema Tessa, na machozi yakamtoka mbele ya watu. "Ndiyo shida."

Cleveland nako hakukuwa na nafuu. Lorraine aliposikia, alimkwepa siku mbili. Ya tatu akasema, "Barua ile niliitia saini mimi. Umenianika," na alikuwa na haki yake. Tessa akaomba radhi. Wakaandika upya daftari la jaribio, ukurasa kwa ukurasa, na kila ukurasa wa zamani wakaupiga mstari. Februari ikaanza kwisha. Wenzake wa St. Louis wakaanza kuandikiana kwamba fulani kapigiwa simu, fulani kapigiwa. Yeye simu yake ilikuwa kimya, na kila ikilia ni daktari wa meno. Akaacha kuingoja. Akaanza hata kuzoea wazo la kuikata keki ya Agosti ijayo.

Alhamisi mchana, glavu mikononi, ikalia namba asiyoijua.

"Tessa? Haskell huyu, wa St. Louis."

Akakaa chini, palepale sakafuni, mgongo kwenye friji la dawa.

"Tumekupa nafasi," mzee alisema. "Unaanza Agosti. Barua itakuja."

Tessa alilia, akacheka, akajaribu kusema asante ikatoka nusu. Haskell akamngoja amalize.

"Kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwenye korido," akasema. "Walikutaka wanne, tulikukataa watatu. Nair alikupigania mpaka akasimama wima, na sijawahi kumwona yule mama akisimama. Mimi nilikuwa katika wale watatu. Wamenituma mimi nikupigie, nadhani kwa kunikomoa."

Glavu zilikuwa zimeloa machozi. "Na kura ikirudiwa leo?"

"Nakukataa tena. Si kwa zile seli. Seli zimewaaibisha wakubwa kuliko wewe, na mimi nimo. Ni ile nusu saa. Nimesaili watu miaka thelathini, binti, nami nikikutazama sikuona hata ukope ukicheza. Ulidanganya vizuri mno. Inanitisha."

Tessa hakutafuta la kujitetea, kwa kuwa hilo alikuwa akilala nalo na kuamka nalo tangu Januari.

"Hata mimi, Profesa," akasema. "Inanitisha hata mimi."