Maji Baridi na Mgomba wa Murangi

Wewe unayenisikiliza, sogea karibu, na uniache nifike mwisho. Watu wengi hunikatiza. Nikisema ninapanga safari ya kwenda kuteleza juu ya bahari nikivutwa na tiara, wengine hucheka, wengine huniuliza kama nyumbani wanajua. Nyumbani wanajua. Ndiyo maana safari hii imechukua muda mrefu kupangwa.

Nianze na tiara yenyewe. Usifikirie ile ya karatasi ya watoto. Hii ni kubwa kama turubai la kuanikia dagaa, ina mbavu zinazojazwa hewa kwa pampu, na kamba zake ndefu hufungwa kwenye mkanda mpana kiunoni mwako. Unasimama juu ya ubao mfupi, upepo unavuta tiara, tiara inakuvuta wewe. Nilifundishwa hapa hapa Musoma na rafiki yangu, mwanamke aliyekuja kufundisha kwa kujitolea katika sekondari moja ya Bunda, ambako mimi nafundisha fizikia hadi leo. Upepo wa mchana unaotoka ziwani ulitutosha. Alipoondoka aliniachia tiara yake kuukuu. Kama hujawahi kujaribu, usiogope kuanguka. Sote tulianza kwa kunywa maji.

Kuna jambo moja ambalo sikumwambia hata yeye. Kamba zikikazwa na upepo hutoa sauti, kama mtu anayeita kwa mbali akiwa amefumba mdomo. Nimeteleza miaka kadhaa sasa, na bado nageuka kutazama.

Rafiki huyo sasa anaishi kwao, katika mji mdogo wa pwani, kusini kabisa mwa Afrika, upande ambao bahari ni baridi hata jua likiwaka. Alinialika likizo ya Desemba. Akanionya mapema: ziwa lenu ni la joto, huku vidole ndivyo vinavyokufa ganzi kwanza. Kwenye mkanda wa kiunoni kuna kifyatuo chekundu. Tiara ikikushinda unakivuta, inaanguka, unapona. Lakini vidole vilivyokufa havivuti kitu. Inabidi ufanye mazoezi.

Siku za kazi nakaa Bunda, kwa hiyo mazoezi niliyafanyia nyumbani kwa mama, mtaa wa Nyasho hapa Musoma, mwisho wa wiki. Mama anauza dagaa kwenye mwalo wa Mwigobero, na pale hapakosekani barafu ya kuhifadhia sangara. Akaniletea ndoo. Tukaimwaga kwenye karai lenye maji, nikazamisha mikono hadi viwikoni, kisha nikajaribu kuvuta kifyatuo nikiwa nimefumba macho.

"Vidole vimekufa, mama."

"Vidole gani? Hivyo vya chaki?" Alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. "Mimi nashikaga hiyo barafu kila siku, hakuna aliyewahi kuniambia ni mazoezi. Haya, vuta, mzungu wa Nyasho!"

Nilivuta, nikashindwa, nikavuta tena. Siku hizo alikuwa bado anaifurahia safari.

Kisha ikaja suti. Niliifuata Butiama, kwa msafiri mmoja ambaye rafiki yangu alimpa aniletee. Ni vazi la mpira mzito, jeusi, linalokubana kutoka shingoni hadi vifundoni. Wengi hudhani linazuia maji yasiingie. Hapana, linaruhusu maji kidogo. Mwili wako unayapasha joto, na mpira unalitunza joto hilo. Niliijaribu ziwani alasiri ile ile, nikakaribia kuiva. Nikaisuuza, nikaianika kwenye kamba ya nguo uani, nikaingia kuoga.

Nilipotoka, upepo wa ziwani ulikuwa umeijaza. Kifua kimetuna. Mikono imeinuka kidogo kutoka ubavuni. Miguu inachuruza maji mchangani. Kichwa hakuna.

Mama alikuwa amerudi. Beseni lake lilikuwa chini, karibu na mlango wa ua, alipoliachia. Hakupiga kelele. Aliivua kanga ya mabegani, akaifunika suti ile kuanzia shingoni, akazinyoosha pembe kwa kiganja, taratibu, kama unavyomnyooshea mtu. Halafu akakaa chini pembeni yake, miguu ameinyoosha mbele, kama wanawake wanavyokaa msibani.

"Nani kamleta?" aliniuliza.

"Mama, hiyo ni suti yangu."

"Najua ni suti." Aliigusa kanga. "Nimejua nilipomaliza kumfunika."

Hapa lazima nikueleze habari za kaka yangu, la sivyo hutaelewa chochote kinachofuata.

Alikuwa mvuvi kijijini Murangi, kwenye makazi ya ukoo wetu. Asubuhi moja mtumbwi wake haukurudi. Hakuwa amemwambia mtu yeyote anatega wapi. Mama alijua ghuba moja aliyoipenda, basi tukaenda kwenye ghuba hiyo. Kwetu, aliyepotelea majini huitwa jina lake kutoka ufukweni, na anayeita ni mama yake, ili maji yamwachie. Mama aliita mpaka sauti ikakauka, akaendelea kuita kwa midomo mitupu. Ziwa la joto halikai na mtu; baada ya siku chache huibuka, kila mvuvi anajua. Kaka hakuibuka. Baadaye mtumbwi ukaonekana umepinduka kwenye matete ya ghuba nyingine kabisa, nyuma ya rasi.

Ukoo wetu hauachi msiba bila kaburi. Ukikosa mwili, unakata mgomba wenye urefu wa mtu wako, unauvisha sanda, unauzika. Mchungaji alikuja akaomba, ila neno mwili hakulitaja. Vijana waliotumwa mgomba walikuwa wamechanganyikiwa kwa huzuni. Badala ya kuukata, waliung'oa na kisiki chake cha chini. Hakuna aliyeangalia. Mvua zilipokuja, juu ya kaburi la kaka likachomoza chipukizi.

Hakuna aliyethubutu kuling'oa. Leo ni mgomba mzima, una watoto wake pembeni. Mama haumwagilii, hali ndizi zake, wala hamruhusu mtu kuushika.

Sasa turudi Nyasho. Wiki iliyofuata tulikuwa tunachambua dagaa, mama akasema bila kuinua uso, "Huko unakokwenda maji ni ya baridi."

"Ndiyo, mama."

"Mtu anaibukaga?"

Nilielewa swali mara moja. Nikajaribu kulizunguka. "Suti inaelea. Anayeivaa hazami kirahisi."

"Sijauliza suti."

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na mama sijazoea kumdanganya. Nikamweleza. Kwenye maji ya joto, mwili hutengeneza hewa ndani yake, na hewa hiyo ndiyo inayouinua. Kwenye baridi kali kazi hiyo huenda polepole, mahali pengine husimama. Mtu anaweza kukaa chini muda mrefu sana. Anaweza asiibuke.

Mama alipuliza takataka kwenye ungo. "Basi mimi mgomba wa pili sizikagi," alisema.

Sikubishana. Nilikunja suti nikaitia kwenye begi, nikaanza kumwandikia rafiki yangu kwamba siji. Sikuwa nimeituma ile meseji mama aliponiambia nijiandae, twende Murangi.

Tulifika mchana. Aliniongoza moja kwa moja hadi kaburini. Majani ya mgomba yalikuwa yanasuguana kwa upepo, na sauti ilikuwa ile ile ya kamba zangu, mtu anaita akiwa amefumba mdomo. Niligeuka. Hapakuwa na mtu, ni ziwa tu chini kule, linang'aa.

"Na wewe unamsikiaga?" mama aliuliza.

Niliitikia kwa kichwa.

"Unajua nawazaga nini? Aliibuka. Kwa nini asiibuke? Ziwa ni lile lile, wenzake wote wanaibukaga. Aliibuka kwenye ile ghuba nyingine, sisi ndio hatukuwepo. Mimi namwita huku, yeye ananingoja kule."

Nimezoea kueleza mambo. Pale nilimshika mkono, tukasimama hivyo, mpaka yeye mwenyewe akauachia na kusema, "Nipigie huyo rafiki yako."

Nikampigia, nikafungua spika. Mama akaishika simu mbele ya mdomo kama kikombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo? Bado unakula ugali?"

"Wa mtama sipati huku, mama."

"Utakufa." Wakacheka wote wawili. "Sikiliza sasa. Mwanangu akiwa majini, wewe utakuwa wapi?"

"Na mimi majini, mama. Upepo ukiwa mzuri tunaingia wote."

"Na ufukweni?"

"Hakuna mtu."

"Basi haji."

Kimya kikapita. Kwenye simu nilisikia upepo wa huko, mkali kuliko wetu. Nilijua kwamba safari yangu yote iko ndani ya kimya kile. Rafiki yangu naye nadhani alijua, maana mwishowe alisema polepole, kwa Kiswahili cha kujipanga, "Mama, nitakaa. Yeye akiingia, mimi nakaa. Nikiingia mimi, anakaa yeye. Hatutaingia pamoja."

"Hutaenda kununua soda?"

"Sitaenda."

"Chooni?"

"Mama!"

"Nakuuliza, chooni?"

"Nitampungia kitambaa, atoke majini kwanza."

"Haya. Na akuonyeshe anapoingilia. Asikwambie 'huku huku'. Akuonyeshe kwa kidole, na upande atakaotokea."

Alinirudishia simu. Tulipokuwa tunapanda kurudi barabarani aliniuliza, "Tiketi umekata?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

Nimekata. Hofu haijaondoka, yangu wala yake. Juzi nimemkuta amesimama uani anatazama upande wa ziwa, midomo inacheza bila sauti, na sikujua kama ni jina la kaka au ni langu. Lakini nawe, uwe unakwenda kwenye maji ya baridi au ya joto, kwa tiara, kwa mtumbwi au kwa kuogelea tu, fanya hivi. Kabla hujalowesha miguu, mtafute mtu mmoja atakayebaki nchi kavu. Mwonyeshe kwa kidole unapoingilia. Mwonyeshe unapotarajia kutokea. Mwambie saa ya kuanza kukutafuta. Kisha mwombe ayarudie yote matatu kwa mdomo wake, na usiingie mpaka umemsikia.