Mama Akimhadithia Baba Sinema

Wanawake wa kwenye sinema za kale za Marekani hawafi kama watu. Wanakufa nywele zimechanwa, wanja umekaa mahali pake, taa imewekwa upande mzuri wa uso, na fidla zinalia. Nimeziona sinema hizo nyingi kuliko nilivyotaka, sebuleni kwetu Crescent Town, Toronto, Jumamosi baada ya adhuhuri, katika miaka ya tisini. Kulikuwa na stesheni moja ya televisheni iliyozionyesha moja baada ya nyingine, zote nyeusi na nyeupe: mwanamume mwenye kofia, mwanamke mwenye gauni la hariri, treni inayofuka moshi, na mapenzi ambayo ni lazima yaharibike. Zilinikera. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, kazi yangu kuingiza majina ya watu kwenye kompyuta ya kampuni ya bima huko mjini, na nilijiona nimeshayajua maisha.

Lakini wazazi wangu walizipenda, na walikuwa na namna yao ya kuziangalia ambayo sijaiona kwa mtu mwingine.

Baba alikuwa haoni. Tanga alikuwa karani wa bandari, amesoma, Kiingereza chake kimenyooka kama suruali iliyopigwa pasi. Toronto hawakumtaka kwa ukarani. Walimtaka kwa mgongo, kwenye ghala moja la mizigo kule Malton karibu na uwanja wa ndege, na alikwenda huko kwa mabasi mpaka sukari ilipomaliza macho yake. Mama aliona vizuri kabisa, lakini Kiingereza chake kilikuwa cha nyumba ya wazee alikopiga deki: sakafu, ndoo, subiri, pole bibi. Kwa hiyo mmoja alikuwa na masikio na mwingine alikuwa na macho. Maneno yakisemwa, Baba alimfasiria Mama. Maneno yakinyamaza, Mama alimwambia Baba kinachoonekana. Mimi niliyekuwa na vyote viwili sikuhitajiwa na mtu, nilikaa tu kwenye zulia na chupa ya chai.

Mama alikuwa fundi wa jambo hilo, na ufundi wenyewe alitoka nao nyumbani. Enzi za usichana wake Tanga kulikuwa na siku ya sinema ya wanawake watupu, na shangazi yake alikuwa akimchukua. Nyingi zilikuwa za Kihindi, lakini mara nyingine zililetwa hizi za Kimarekani, na wanawake walizililia vilevile bila kujua neno. Kulikuwa na sharti moja. Ukienda, ukirudi uwahadithie waliobaki nyumbani: aliyejifungua na hajatoka arobaini, aliyefiwa na mumewe akakaa eda, bibi mgonjwa. Na wao hawakutaka uwaambie kwamba fulani alimpenda fulani. Walitaka kujua kavaa nini, kasimama wapi, kamtazama nani, jicho linalengwalengwa na machozi au limekauka. Mama akiwa mdogo alishaiteka sebule nzima ya wanawake kwa hadithi ya sinema, na walimwagiza kama anavyoagizwa mpambaji wa bibi harusi.

Basi ndivyo alivyomfanyia Baba. "Anashuka ngazi," angesema. "Gauni mgongo wote nje, na huko kwao inaonekana baridi. Haya, yeye na baridi yake. Kamwona mwanamume. Kajifanya hakumwona."

"Na mwanamume?"

"Kashika sigara, hajaiwasha."

Wakifika kwenye kubusiana, Mama alikuwa na neno lake. "Sasa wanasalimiana," alisema, kwa sauti ileile aliyotajia makochi na mapazia.

"Wanasalimiana muda mrefu," Baba alisema.

"Hawajaonana siku nyingi."

Wote wawili walijua anachomaanisha mwenziwe, na nilijua, na hakuna aliyecheka. Sijawahi kuwaona wazazi wangu wameshikana mikono. Sijawahi kusikia mmoja akimwambia mwingine neno la mapenzi. Kwetu mambo hayo hayasemwi mbele ya mtoto, hata mtoto awe na mvi. Nilipokuwa mdogo, wakitaka kuzungumza lao, Baba aliniambia, "Mwanangu, hebu katazame chai." Nilikwenda jikoni nikakuta jiko limezimwa na birika kavu, nikasimama hapo nikichora ukuta kwa kidole mpaka niitwe. Hakuna aliyenifundisha. Mtoto wa pwani anajua tu kwamba chai ile haipo.

Toronto sikutumwa tena. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, jikoni na sebuleni ni mahali pamoja pamegawanywa na ukuta wa jina tu, na nilikuwa kazini mchana kutwa, wao wana muda wao. Jambo hilo likanitoka akilini.

Mama alianza kuugua wakati majani ya miti yanaanguka. Alisema ni gesi. Halafu akasema ni chakula cha kazini. Nilimpeleka hospitali siku ambayo Baba alidhani tumekwenda kununua viatu vya baridi, na daktari, binti mdogo kuliko nilivyotarajia, alimtazama Mama usoni akasema yote. Huko kwao wanamwambia mgonjwa mwenyewe. Nilifasiri. Saratani, ya tumbo, imeshatembea. Nilifasiri hata niliyotaka kuyaruka, kwa sababu Mama alikuwa akiutazama mdomo wa daktari, na kwa kutazama midomo yule alikuwa haongopewi.

Nje kwenye kituo cha basi alinishika mkono. "Baba yako asiambiwe."

"Mama, atajua."

"Atakaa peke yake na habari hiyo mchana kutwa, haoni dirisha, haoni kitu. Wewe hutakuwepo. Asiambiwe. Nitamwambia mwenyewe wakati wangu."

Tukanunua na viatu, ili uongo ukamilike.

Nilimkasirikia. Nasema wazi. Kila jioni nilirudi nikakuta amekonda zaidi, nguo zinaning'inia, na anamwambia Baba kwamba amefunga sunna, ndiyo maana hali. Alitapika bomba likiwa limefunguliwa. Alijipaka manukato mpaka nyumba ikanuka kama nyumba ya harusi, na chini ya manukato ile harufu nyingine ilikuwepo. Baba hakusema kitu. Lakini mtu asiyeona hukaa na sauti, na sauti ya Mama kwenye sinema ilikuwa inapungua. Zamani alimhadithia hata vitasa vya mlango. Sasa alisema, "Yupo chumbani," basi.

Siku moja nilikuwa nampeleka Baba kliniki ya sukari. Tulikuwa ndani ya lifti, sisi wawili peke yetu. Aliniuliza, "Mama yako ana nini?"

Nikasema nilivyoagizwa. "Vidonda vya tumbo."

Lifti ikafika chini, mlango ukafunguka. Kisha akasema, "Sikuulizi tena. Na wewe usiniambie, hata nikikuomba. Nataka aniambie mwenyewe. Nina la kumjibu."

Usiku ule nilimwambia Mama kwamba Baba anajua, anachosubiri ni neno lake. Aligeukia ukuta. "Si sasa," alisema. Majira yote ya baridi yakawa hivyo. Watu watatu ndani ya nyumba moja, wote tunajua, wote tunaulizana kama chumvi imekolea. Theluji ikapanda kwenye kingo za barabara ikawa nyeusi. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba Mama atakwenda bila kusema, na Baba atabaki na jibu lake mdomoni.

Jumamosi moja Mama alikuwa amelala kwenye kochi, mito nyuma na mito ubavuni. Baba kwenye kiti chake, amekivuta karibu naye kuliko siku zote. Mimi kwenye zulia. Sinema ilikuwa ya mwanamke mgonjwa, kama zilivyokuwa nusu ya sinema hizo. Mumewe nahodha wa meli. Mwanamke ana ugonjwa wa kifua, daktari amemwambia, naye amemwapisha daktari asimwambie nahodha. Nilitaka kubadilisha stesheni. Rimoti ilikuwa mkononi mwangu na sikuthubutu, kwa sababu kubadilisha kungekuwa ndiyo kusema.

Baba alifasiri maneno yote ya daktari, neno kwa neno, hakuruka hata moja. Mama alisikiliza amefumba macho.

Ikafika mwisho. Mwanamke amelazwa karibu na dirisha kubwa, peke yake chumbani, nahodha bado yuko njiani. Fidla zikaanza. Maneno yakaisha.

"Wamenyamaza," Baba alisema. "Kunaonekana nini?"

Mama akafumbua macho, lakini hakuitazama televisheni. Alitazama dari.

"Mumewe amekuja," alisema. "Amekaa karibu yake. Mke anamwambia, bwana wangu, mimi siponi. Nimejua tangu kabla ya theluji. Nilikuficha kwa sababu nilitaka tukae kama tulivyokaa siku zote. Unisamehe. Na kama kuna mengine niliyokukosea tangu uliponichukua kwetu, unisamehe na hayo."

Niliitazama televisheni. Chumba kilikuwa na yule mwanamke tu, na mdomo wake umefungwa. Baba alikuwa na masikio mazuri kuliko sisi sote. Alikuwa amesikia fidla, na hakusikia sauti ya mtu yeyote wa Marekani. Alimgeuzia Mama uso wake wote.

Kisha akasema, "Mwanangu, hebu katazame chai."

Nilikuwa nalia, na sikutaka ajue nalia. Nilitaka kuwa mtoto mwema wakati ule kuliko wakati mwingine wowote, mtoto asiyesubiri kutumwa. "Chai ipo hapa, Baba," nikasema. "Nimeijaza chupa sasa hivi." Nikammiminia kikombe, nikamshikisha mkononi, nikavifunika vidole vyake vizuri asiungue.

Akakishika. Hakunywa. Midomo yake ilisogea kidogo, halafu ikatulia. Mama alisubiri. Ilikuja tangazo la sabuni, kisha tangazo la magari, na Mama akafumba macho tena.

Jioni hiyohiyo maumivu yalimpanda, yale ambayo vidonge havikuyaweza, na gari la wagonjwa likaja. Hospitali walimtundikia dawa ya usingizi. Mara chache aliamka, na kila alipoamka kulikuwa na mtu: muuguzi, mgonjwa wa kitanda cha pili na ndugu zake, jirani aliyeleta uji, mimi. Hasa mimi. Sikubanduka, nilijisifu kwamba sibanduki. Nilimwekea Baba kiti kando ya kitanda, nikasimama nyuma yake, tayari kumwambia kila kinachoonekana. Aliuliza tu, "Amelala?" na mimi nikajibu, "Amelala."

Hakufa kama wale wa sinema. Kinywa kilikuwa wazi, ngozi imekuwa rangi ya ukili wa mkeka wa zamani, na hapakuwa na taa upande wowote mzuri. Alikuwa anakoroma, kisha akawa hakoromi. Baba ndiye aliyetambua kwanza.

Wanaume walimshika Baba mikono wakampeleka makaburini kwenye theluji, na waliniambia kwamba alitaka kushuka mwenyewe kaburini wakamzuia. Watu walisoma hitma, walikula, waliondoka. Baba alirudi kwenye kiti chake. Kochi tuliliacha tupu, mito imepangwa.

Baada ya arobaini, Jumamosi, aliniambia niwashe televisheni. Nilishangaa lakini nikawasha. Kulikuwa na mmoja wa wale wanaume wenye kofia, anamsubiri mtu kwenye stesheni ya treni. Nilijaribu kuhadithia na nilikuwa mbovu, nasema "yule" na "pale", mpaka nikasikia haya mwenyewe. Mwanamke akashuka kwenye behewa, wakakumbatiana.

"Sasa wanasalimiana," nikasema.

Baba alitikisa kichwa taratibu. Kisha akasema, bila ukali wowote, kama mtu anayeulizia kitu alichokiweka mahali, "Siku ile nilikutuma chai."

"Chai ilikuwepo, Baba."

"Najua ilikuwepo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikaa kwenye zulia nikalikumbuka lile birika kavu la utotoni. Aliyepaswa kuambiwa lile jibu alikuwa chini ya ardhi iliyoganda. Fidla zilikuwa bado zinalia. Nikazima sauti ya televisheni.

"Ngoja nikatazame chai," nikasema.

Nikainuka nikaenda jikoni. Jiko lilikuwa limezimwa na sikuliwasha, birika lilikuwa kavu na sikulijaza. Nilisimama nimeupa mgongo ule ukuta wa jina. Baada ya muda nikamsikia Baba sebuleni, chini chini, anaanza kuzungumza kuelekea kwenye kochi. Nikafungua bomba la maji mpaka mwisho, nisisikie.