Msumeno Sebuleni kwa Shangazi

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, kuliko siku zote nilizokaa darasani. Ni siku niliyoshika msumeno na kuikata shahada yangu ya uzamili vipande vipande, kwa mikono yangu mwenyewe, huku wageni wakiimba upenuni. Nimesikia umepata nafasi ya kwenda kusomea usanifu wa ndani, kama mimi enzi zangu, na mama yako ameniomba nikupe neno la mzee kabla hujafunga sanduku. Basi kaa. Neno langu ni refu kidogo, na sehemu kubwa yake utanicheka mimi.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Sisi tuliozoea foleni ya sabuni tuliamka tukakuta maduka ya Kaloleni hapa Arusha yamejaa mazulia, marumaru, vioo, na taa za kuning'inia ambazo hata aliyeziuza hakujua zinafungwaje. Kila mwenye kiwanja alikuwa anajenga. Mimi nilikuwa na shahada ya kwanza ya ujenzi, nikaona watu wanamwaga zege bila kufikiria watakaaje ndani, nikajiambia riziki yangu iko hapo. Nikaenda Nairobi kusoma.

Nyumbani hakuna aliyeelewa nasomea nini. Mama yangu, Mlutheri wa Machame aliyekuja Arusha kufanya biashara, aliulizwa kanisani akajibu kwa fahari kwamba mwanawe anasomea ndani ya nyumba. Mzee wa kanisa akamuuliza kwa upole kabisa, "Kwani ndani kuna nini ambacho bado hakijajulikana?" Wengine wakaamua nasomea mapazia. Miaka miwili nikaitwa Bwana Mapazia, na kadiri nilivyokasirika ndivyo jina lilivyozidi kuninata.

Mwaka wa mwisho chuo kilitaka kazi ya kweli. Utafute chumba kinachokaliwa na watu, ukipime, ukibuni upya, ukijenge, halafu msimamizi aje akione kwa macho yake. Bila chumba hakuna shahada. Nikamwendea Shangazi Elinsia, dada yake baba, mjane aliyekuwa akiishi Daraja Mbili na binti yake Nsia na kuuza vitenge soko la Kwa Mrombo. Nilimweleza kwa nusu saa nzima, na michoro nikaitandaza juu ya meza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Chukua sebule, baba. Ila uniachie mahali pa kuweka chai."

Sebule yake ilikuwa kama sebule zote za wakati ule. Makochi mazito ya mbao, kila moja na kitambaa chake cha kufuma mgongoni na vingine viwili mikononi, kabati la glasi ambazo hazinywewi, na kalenda tatu, mbili zikiwa za miaka iliyopita. Mimi niliyetoka Nairobi niliona msongamano. Nikaanza kupima. Wiki tatu nilikaa pale na futi ya chuma na daftari. Nilihesabu hatua za Shangazi kutoka jikoni hadi mezani, nikaandika jua linaingilia dirisha gani saa ngapi, nikaandika Nsia anakaa wapi akisoma na anakaa wapi akisuka nywele. Nilijua mambo ya chumba kile ambayo wenyewe hawakuyajua. Nikaamua kwamba pale wanaishi watu wawili, wanatembelewa na watatu au wanne, na kwa hiyo chumba cha watu wanane kinawatosha na kubaki.

Basi nikachora. Makochi yote yaende stoo. Badala yake benchi refu la mbao za mkangazi, limefungwa ukutani kuzunguka pembe, lije lishikane na patisheni ya mbao yenye shelfu, kutoka sakafuni mpaka darini, ya kutenga mahali pa kulia na mahali pa kupumzikia. Kazi nilimpa Fundi Lomayani, jirani wa Shangazi, Mwarusha wa maneno machache ambaye penseli yake iliishi nyuma ya sikio. Alipoona mchoro aliuzungusha mara mbili, akauliza, "Sasa siku ya shughuli, vitu hivi vinatokaje?"

"Havitoki, Fundi. Ndiyo usasa wenyewe."

Akanitazama kidogo, akaenda kunoa randa. Tena nikamzidishia. Nilitaka vichwa vya bolti visionekane kabisa, kwa hiyo nikamwambia azibe kwa gundi na unga wa mbao, kisha apige msasa na vanishi juu yake. Akaziba. Ukipitisha mkono pale hukuweza kujua kama kuna chuma.

Mwanangu, kilipendeza. Sitaki unyenyekevu wa uongo, chumba kile kilipendeza. Majirani walivua viatu mlangoni wakaingia wakitembea kwa uangalifu, kama watu wanaopita karibu na mtoto aliyelala. Shangazi alipitisha kiganja kwenye mbao akasema hajui kama anaruhusiwa kukaa. Nikapiga simu chuoni. Msimamizi wangu, mama mmoja mrefu ambaye kicheko chake sikuwahi kukisikia, akasema atakuja Jumatatu ya wiki ya pili.

Kumbe na wengine walikuwa wanakuja. Nsia alikuwa amepata mchumba, Lazaro, kijana wa upande wa magharibi wa Mlima Meru, kwao ni wafugaji na wakulima, Walutheri kama sisi. Wazee wake wakaleta taarifa kwamba watafika Jumamosi kuleta posa. Jumamosi hiyo, siku mbili kabla ya msimamizi wangu. Mimi sikuona tatizo. Turubai litafungwa uani, wageni watakaa nje, na sebule yangu itabaki imetulia ikisubiri mtihani.

Asubuhi ya Jumamosi mlima ulijifunika, na saa nne mvua ikaanza ya kweli. Upepo ukalinyanyua turubai ukalilaza juu ya migomba ya jirani. Na ndani ya mvua hiyo wageni wakafika, wazee wenye fimbo zao, kina mama na vibuyu vya loshoro, ile ya mahindi na maziwa ya mgando, vimefunikwa majani, vijana, bibi mmoja aliyeshikwa mkono huku na huku. Thelathini, sizidishi. Wakajipanga upenuni migongo ikigusa ukuta.

Unajua kwetu inavyokuwa. Siku kama ile sebule hutolewa vitu vyote, makochi yanahamia nje au yanasukumwa kutani, mikeka inatandikwa, na watu wanaingia wengi kuliko unavyodhani chumba kinaweza kubeba. Na posa ina taratibu zake. Pande mbili hukaa chumba kimoja zikitazamana, na hakuna mgeni anayeachwa nje au kupelekwa nyumba nyingine, maana ukiwagawa ni kama umewakataa nusu. Tulijaribu kuwaingiza. Wazee wanane wakakaa kwenye benchi langu, magoti yamebanana, na patisheni ikiwa imewapa kisogo watu wetu waliokuwa upande wa pili. Ishirini na wawili wakabaki mvuani.

Nilimwona Shangazi akiitazama ile patisheni. Kisha akanitazama mimi. Fundi Lomayani, aliyekuwa amekuja kusaidia kubeba maji, akasema taratibu, "Mama Nsia, hii inaweza kukatwa."

"Haiguswi," Shangazi akasema. "Ni mtihani wa mtoto."

Akajifunga kitenge vizuri, akasogea mbele ya mzee aliyewaongoza wageni, akapiga goti. Akamwomba radhi. Akasema nyumba yake leo haina nafasi, kosa ni lake, na kama wazee watakubali, warudi siku nyingine. Nyuma yake, mlango wa jikoni, Nsia alikuwa amesimama na sinia la vikombe, gauni lake jipya limemkaa vizuri, na uso wake sitausahau. Posa iliyorudishwa mlangoni haina uhakika wa kurudi. Yeye alijua, Shangazi alijua, na Lazaro huko upenuni alijua.

Niliona aibu. Sijui jina jingine la kulipa lile jambo. Mwanamke yule alikuwa tayari kurudisha wakwe wa binti yake wa pekee ili mbao zangu zisiguswe. Nikatoka mbio mpaka karakana ya Fundi pale jirani, nikarudi na misumeno miwili. Spana hazikuwa na kazi pale, kwa sababu bolti nilizificha mwenyewe kwa ubishoo wangu. Nikampa Fundi mmoja, nikaanza na mwingine.

"Mwanangu, acha," Shangazi akasema.

Sikuacha. Wageni waliposikia sauti ya msumeno na kuelewa kinachoendelea, mama mmoja upenuni akaanzisha pambio, wengine wakadaka, na sisi tukajikuta tunakata kwa kufuata mdundo. Vijana wa Lazaro wakaingia kubeba vipande kupeleka uani. Makochi ya zamani yakatolewa stoo pamoja na vitambaa vyake, mikeka ikatandikwa, na kabla pambio la tatu halijaisha watu wote walikuwa ndani, pande mbili zikitazamana, na mimi katikati nikiwa na unga wa mbao mpaka kwenye nyusi.

Yule mzee kiongozi alinisubiri nimalize kufagia. "Kijana," akaniita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeambiwa ulikipima chumba hiki wiki tatu."

"Ndiyo, baba."

"Sisi ulituhesabu?"

"Hamkuwepo, baba."

"Tulikuwa tunakuja," akasema.

Chumba kizima kikaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, nikashindwa kunyamaza. Posa ikapokelewa. Tukala machalari ya kwetu, ndizi zilizopikwa na nyama, na loshoro yao, tukaimba mpaka mvua ikachoka. Bibi yule aliyeshikwa mkono aliketi kochi lenye kitambaa kizuri kuliko vyote akasema nyumba hii ina joto. Nimepewa sifa nyingi tangu wakati ule kwa kazi zangu, lakini ile nilipewa kwa chumba nilichokibomoa.

Jumatatu msimamizi akafika. Akazitazama kuta zenye visiki vya mbao, akalitazama rundo uani, akaniuliza kazi iko wapi. Nikamweleza yote bila kupunguza. Shangazi akaongezea yale niliyoyasahau, akaigiza na namna nilivyokata. Hapo ndipo nilipokisikia kicheko cha yule mama kwa mara ya kwanza. Lakini hakunipitisha. Alinipa miezi sita nikae tena na chumba kilekile, nikipime siku ya kawaida, siku ya sherehe na siku ya msiba, nichore upya. Nilienda na Fundi Lomayani, safari hii mimi nikiuliza na yeye akijibu. Tukatengeneza viti na shelfu vinavyofunguka kwa spana moja na kupita mlangoni kwa upana wake. Nikapata shahada yangu, na Nsia alikuwa tayari ameolewa.

Siku ya kusherehekea shahada nilimuuliza Shangazi jambo lililokuwa linanikereketa. Je, siku tunafunga bolti ya kwanza, hakuwaza kwamba siku ya shughuli itakuwaje? Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Niliwaza siku ileile uliyonionyesha mchoro."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi mno, baba. Ningeanzia wapi?"

Hilo ndilo neno nililokuitia, mwanangu. Huko uendako watakufundisha kupima mwanga, hatua, urefu wa meza na upana wa mlango, nawe ujifunze kwa bidii, ni elimu nzuri na nimekula nayo maisha yangu yote. Lakini utakaporudi kufanya kazi, watakaokufungulia milango ya kwanza ni watu wanaokupenda. Shangazi zako, majirani, marafiki wa mama yako. Watakupa sebule zao, watatazama michoro yako, watasema ni nzuri. Usiichukulie hiyo kuwa jibu. Mtu anayekupenda anaweza kukaa miaka kwenye kiti kinachomuumiza na asikuambie, kwa sababu alikuona ulivyofurahi siku ulipokileta. Kwa hiyo muulize mara ya pili, ukiwa umekunja michoro na kuiweka kando. Muulize siku yake kubwa ya mwisho ilikuwaje, nani alikaa wapi, nani alikosa pa kukaa. Fundi akikuuliza swali, mjibu kama vile mtihani ni huo. Na ufanye kazi yako iwe ya kufunguka, ili siku ukikosea, yule anayekupenda asilazimike kupiga goti mbele ya wageni wake kwa ajili yako.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akulinde njiani na akufungulie akili. Akupe walimu wakali wanaojua kucheka. Akupe watu watakaokuamini kwa nyumba zao, na akupe sikio la kusikia kile ambacho upendo wao unakificha. Na kila chumba utakachokigusa, Mungu akijaze watu.