Sahani ya Mama Yake Hoa

Ile siku naikumbuka, mwanangu, na ningepewa dawa ya kuisahau ningeinywa kwa pupa. Ilikuwa Riyadh, mchana, saa ambayo nyumba nzima imeshiba na imelala. Wewe umefika Jeddah juzi, kesho unakwenda kwa kafili wako, tajiri aliyekulipia viza, na nimekusikia ukisema nyumbani kwake kuna wasichana wa Kivietinamu na wewe huwataki. Basi keti hapa kwangu, mtaa wa Karantina, chai iko, nikueleze. Ukishasikia uamue mwenyewe.

Nyumba ile tulikuwa watumishi wawili. Mimi nilifagia na kupiga deki orofa tatu. Mwenzangu aliitwa Hoa, kwao Vietnam, naye alimhudumia mama yake madam, bibi mzee tuliyemwita Hajja. Alimwogesha, akamlisha, akamkanda miguu. Nilimwonea wivu, nikwambie kweli. Yeye anakaa kwenye kiyoyozi siku kutwa, mimi mgongo unakatika kwenye ngazi. Damu yangu ilikuwa bado moto, nikaona ile kazi ni haki yangu. Wivu ukikaa sana hutafuta sababu, na wangu haukukosa.

Tulizungumza kwa Kiarabu chetu cha jikoni. Siku moja kabla ya siku ile akaniambia, "Dada, kesho usifagie chumbani kwetu. Kesho ni Tet, mwaka wetu unaanza. Ukifagia, unaitoa baraka nje." Nikacheka. Akanieleza kwamba siku hiyo kwao kila aliye mbali hurudi nyumbani, na hata wazazi waliokufa huandaliwa chakula waje wale na watoto wao. Mama yake alikuwa amekufa miezi minane nyuma, na madam hakumpa ruhusa ya kwenda kuzika. Hakuwa na ndugu. Asipoweka yeye sahani, nani angeiweka?

Yote hayo aliniambia, mwanangu. Nisije nikajitetea kwamba sikujua.

Kesho yake nikamkuta amepiga magoti katika chumba cha kufulia, ndimo tulimolala. Juu ya mashine kaweka wali, paja la kuku la kuchemsha, machungwa mawili na kikombe cha chai. Picha ya mama yake kaiegemeza kwenye chupa ya sabuni. Kijipande cha udi, masalio ya chetezo cha madam, kilikuwa kinafuka kwenye kifuniko cha kopo. Akageuka, akanionyesha mkeka. "Udi ukiisha, tutakula pamoja."

Na mimi ni mtoto wa Kaloleni. Nyanya yangu nilimwona kwa macho yangu akiwamwagia koma, wazee wetu waliotangulia, tembo la mnazi kabla mtu yeyote hajaonja, na sikuwahi kumwita mchawi. Lakini nilipanda ngazi hadi kwa madam, nikamwambia, "Madam, Hoa anafanya sihiri kule chini."

Ulimi hauna mfupa. Neno hilo katika nchi hii si la mchezo, mtu hufungwa kwalo, hata huuawa, na nililijua vizuri. Madam alishuka bila viatu, hakuuliza kitu. Akamwita baba, yaani mumewe, naye akamwamuru Hoa akusanye nguo zake arudishwe ofisi iliyomleta. Mimi nikaambiwa, "Halas, basi, tupa vyote hivi." Nikatupa wali, kuku, machungwa, na ile picha pia. Kisha nikafagia majivu, nikamaliza na chumba kizima.

Hoa hakulia wala hakunitukana. Alipofika mlangoni na begi lake alininyooshea mkono tu. "Picha, dada."

Mfuko wa taka ulikuwa bado jikoni, hatua nne kutoka niliposimama. Na hiyo ndiyo picha pekee aliyokuwa nayo. Nikamjibu, "Mafi." Hakuna. Labda niliona haya kuingiza mkono takani mbele ya madam. Labda nilikuwa na roho mbaya tu, na maneno ya kuipamba siyataki. Baba akasema yalla, wakaondoka.

Kazi niliyoitamani nikapewa. Jioni hiyo nikampelekea Hajja supu yake, akafumba mdomo. Kisha akaniuliza, "Ulimwuliza yule binti anafanya nini?"

"Aliniambia mwenyewe, Hajja."

"Mimi pia aliniambia. Yale si ya dini yangu, na swala zangu tano sijaziacha. Lakini niliona ni mtoto anamlilia mama yake, nikanyamaza. Wewe uliyelala naye chumba kimoja, ulishindwa nini?"

Hakula mkononi mwangu tena. Siku ya tatu madam ikambidi amlishe mwenyewe, nami nikarudishwa kwenye ufagio. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na safari ile chawa nilikuwa mimi.

Nilipohamia Jeddah niliwakuta wanawake wa Kivietinamu kule sokoni Balad, siku za hiyo Tet yao, wananunua maua. Nikawauliza kama wanamjua Hoa aliyekuwa Riyadh. Wakaniuliza, Hoa wa ukoo gani, wa mkoa gani? Miaka miwili tumelala chumba kimoja na sikuwahi kumwuliza.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu sasa ni mtu mzima. Ukimkuta mwenzio wa kazi anafanya la kwao, muulize. Akikwambia, liweke moyoni. Usipolielewa, pita. Usipande ngazi kupeleka kwa bosi habari za mtu anayelala ubavuni mwako, kwa sababu bosi hatauliza zaidi na ofisi haitamsikiliza. Na ukishakosea, kinachoweza kurudishwa kirudishe papo hapo, hata kama kiko takani. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Sihiri niliisema kwa wivu, lakini picha nilimnyima kwa akili zangu timamu.

Haya, nenda. Mungu akulinde na ubaya wa kafili, na akulinde na ulimi wako mwenyewe. Akupe mwenzio atakayejua ukoo wako na unakotoka. Na siku utakapofiwa na mzazi huku umenyimwa ruhusa ya kwenda kumzika, asiwepo mlangoni mtu kama mimi.