Nilisema kwa Wote

Nilipokabidhiwa usimamizi wa karakana ya ushonaji pale Cibitoke, nilipewa daftari la mahudhurio na mita ya kupimia, nikaivaa shingoni. Jana yake nilikuwa bado kwenye cherehani ya tatu, nikicheka na wenzangu. Asubuhi ile kicheko kilizimika nilipoingia.

Mmoja tu hakunyamaza. "Shefu wetu! Umekula? Apana, uso huo haijakula."

Alikuwa mama mtu mzima, aliyevuka mpaka kutoka Uvira miaka mingi nyuma. Ndiye aliyenifundisha kushika kitambaa bila kukivuta. Sote tulimwita Mama. Kosi zote za karakana, zile kola za shingoni, zilipita mikononi mwake, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuzilaza zikatulia.

Noeli ilikuwa inakaribia. Tulikuwa tukishona majoho ya kwaya, ya zambarau, yenye kosi nyeupe. Mvua nayo ilikuwa imeshika. Mama alikaa Buterere, ambako maji huingia ndani bila kubisha hodi, na kwa kuwa petroli ilikuwa haipatikani, alikuja kwa miguu. Alichelewa mara moja. Akachelewa tena.

"Maji ilijaa mu nyumba, mutoto wangu," aliniambia. "Nilitoa na sahani mpaka mukono ikachoka, ndiyo nikatembea."

Jioni hiyo patroni, mwenye karakana, alinipigia simu. "Akichelewa mara ya tatu, anatoka. Mwambie wewe mwenyewe. Ndiyo kazi ya shefu."

Nilikaa na maneno hayo siku mbili, kama fundi aliyebana pini kwa midomo: hawezi kusema, hawezi kumeza. Ningemwita kando vipi? Kwetu mtoto hamkemei mzazi. Jambo likiwa zito hutupwa katikati ya watu, na mwenyewe huliokota kimyakimya. Nami nikalitupa. Niliwasimamisha wote kabla ya kazi, nikatazama sakafu.

"Kuna watu wanachelewa. Patroni amechoka. Atakayeendelea kuchelewa atapoteza mashine yake."

Wenzangu waliinamisha macho. Walijua nani anasemwa. Mama akapiga makofi.

"Shefu amesema muzuri! Munasikia, weye na weye? Munakuja hapa na usingizi kwa macho, munamuletea mutoto wa watu matatizo."

Walicheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikaandika moyoni kwamba nimemwambia. Lakini yeye alikuwa amekwisha kunieleza habari ya maji, na kwake mtu aliyekwisha kueleza hayumo tena katika hesabu ya wachelewaji. Tena mimi mtoto wake ningekuwa na neno naye, ningekuja kukaa karibu yake, nimwambie.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Patroni alikuja kutazama majoho. Alikuta mashine zote zinanguruma isipokuwa moja. Nilitazama mlango kwa macho yanayosali. Mama alipoingia, matope yalikuwa yamemfika magotini, na viatu vyake alivishika kwenye mfuko ili visiharibike.

Patroni alinigeukia. "Ulimwambia?"

"Nilisema," nikajibu.

Akamgeukia yeye. "Ulijua kwamba leo ukichelewa unatoka?"

Mama alinitazama. Katika mtazamo ule niliona sasa anakielewa kile kikao changu cha kabla ya kazi, neno kwa neno, na kicheko changu ndani yake. Neno moja tu, apana, lingemwokoa. Lingeniangusha mimi. Ningeweza kulitoa mimi mwenyewe; nikatazama sakafu.

"Nilijua, patroni," akasema. "Mutoto aliniambia."

Aliomba amalize kosi aliyoiacha jana kwenye sindano. Patroni akaruhusu. Alikaa na matope yake, akaishona taratibu hadi mwisho, akakata uzi, akailaza juu ya rundo. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake, mita shingoni, na zile hatua mbili sikuziweza.

Mlangoni akageuka.

"Zile kosi za kushoto zinakimbiaka chini ya sindano. Uzishike na pini mbili, si moja. Unasikia?"

"Ndiyo, Mama."

Hayo ndiyo maneno pekee niliyomwambia ana kwa ana tangu nilipokuwa shefu. Akavuka mfereji, viatu bado mkononi. Nikakaa kwenye mashine yake, nikachukua kosi ya kushoto, nikaweka pini mbili. Bado ilikimbia.